Sura ya Mwalimu Mu Kifuniko ya Sanduku

Miaka ile kisha uhuru, hapa Butembo kila mutu alikuwa anakimbia vita ao anajitayarisha kukimbia. Kwa hiyo kazi yangu ya sanduku za bati haikukosa batu. Mi sikusoma. Nilifika mwaka ya pili ya primaire, fimbo ya mwalimu ikanitosha. Lakini sanduku yangu haikuingiza maji, na ndani ya kifuniko nilikuwa nabandika picha ya kalendari: maua, treni, milima yenye barafu. Bibi-arusi hakukubali kifuniko tupu.

Siku moja akafika mama mumoja, ametoka Beni. Bwana yake alikuwa mwalimu, mutu wa Maniema, serikali ilimutuma huku kufundisha. Barebelle, wale waasi, walimutoa mu nyumba, na hakurudia. Sasa mama alitaka kwenda kwa wakwe zake, mbali kule. Akafungua kitambaa, akanionyesha ukurasa ya gazeti ya misioni: walimu wamesimama mu mustari, bwana yake katikati. Picha ingine haikukuwa.

“Fundi, unibandikie huyu mu kifuniko.”

“Mama, uichunge tu mu kifua. Kole, hii gundi yangu, inaweza kuiharibu.”

“Mu kifua ndo wanaanzaga kutafuta. Pa barrière, pale askari wanafunga njia, wanapasula karatasi yote. Bati hawataipasula.”

Alisema kweli.

Karatasi ya gazeti ni mubaya. Ukiilowanisha, maandiko ya nyuma inatokea mbele, na mutu anapata herufi mu uso. Tena bati mupya iko na mafuta yenye hauone. Bengi wanabandika juu yake vile vile, kesho picha inatoka sawa ganda ya kitunguu. Mi niliosha bati na majivu na ndimu, nikaikwangula na muchanga, nikaianika pa jua. Kole nilitia pa bati, hapana pa karatasi. Kidogo tu, na ungoje mpaka inashika kidole. Kisha unalaza karatasi kuanzia katikati, unasukuma upepo kwenda pembeni na kipande ya mupira ya baiskeli. Polepole. Ukiharakisha inakunjamana, na hakuna kurudia.

Mama alikaa karibu, macho pa mikono yangu.

“Unakawia, papa.”

“Kole haipende haraka.”

“Kamio itaniacha.”

“Mama, uniache nitumike kazi.”

Upepo kidogo ikabaki chini ya shavu. Ikavimba, mwalimu akawa sawa mutu anatafuna muhogo. Mama akacheka, kisha akalia, na mi niko natafuta sindano. Nilitoboa pa ndevu, pale haionekane, nikakandamiza mpaka shavu ikalala. Nikapakaa verni, ile rangi yenye inang'aa bila kuficha picha. Ukipitisha kidole juu yake, haukujua karatasi inaanzia wapi. Hakuna fundi mwingine mu mji huu angeweza.

Kisha siku nyingi, shofere wa kamio yenye ilimubeba akarudia, akapita kwangu. Akaniambia: pa barrière, askari mumoja, soda wa pale, alipenda ile sanduku. Akaifungua, akaona uso.

“Huyu nani?”

“Bwana yangu. Alikufa.”

Soda akakwangula na kucha. Akakwangula na kisu. Picha ikakatala kutoka. Wenzake wakaanza kumucheka: “Ndeko, ndugu yetu, utalala naye nyumba moja? Kila ukitafuta shemizi ya kuvaa, atakuangalia.”

Basi soda akamwanga bitu ya ndani chini. Akajibakizia bikwembe za mama za kuvaa, blanketi na sufuria, sanduku akaisukuma na muguu. Mama akapanda tena kamio, sanduku tupu pa magoti.

“Na uso?” nikauliza.

“Bega tu ndo ilikwanguka. Uso iko.”

Nikamwomba shofere, kama anashuka tena kule, amubebee mama blanketi moja. Akasema njia imefungwa, pengine mwezi mwingine. Nikakamata nyundo, kwa sababu inje batu walikuwa wanangoja sanduku zao.