Hodi ya Kupandia Paa

Juzi, katika duka la vifaa vya intaneti pale Darajani, mbele yangu alikuwepo bibi mmoja wa Mji Mkongwe, akizungumza na muuzaji.

"Mwanangu, dada yangu yuko Maskati, mgonjwa. Anataka nimwoneshe kwenye simu chumba tulimozaliwa, na mtandao haufiki humo."

Muuzaji, mwanamke mpole, aligusa kisanduku cha intaneti cha kuweka dirishani, akakiacha. "Kuta zenu za mawe, Bi. Hiki mawimbi yake yataishia ukumbini. Bora antena ya juu ya paa, waya tuuteremshe mpaka chumbani."

"Atapanda nani?"

"Fundi wetu."

"Mwanamme? Kule juu ataona nyua za majirani, na wanawake wamekaa vichwa wazi. Apige hodi kwanza."

"Hodi juu ya paa, Bi?"

"Chini, milangoni. Nyumba zote tatu zinazopakana nasi."

Muuzaji hakucheka. Kwenye fomu, palipoandikwa "maelezo kwa fundi", akaandika: hodi nyumba tatu. Bibi akaisoma, akaweka kidole. "Ongeza hapo: angoje aitikiwe."

Nami nilikuwa na karatasi yangu ya kulinganisha kasi za mitandao. Niliikunja. Majirani sikuwa nimewaandika popote.