Watoto Wanono Walikwenda Wapi?

Siku tuliyoambiwa kwamba wauguzi nao wanaweza kufanya utafiti, nilicheka kwa sauti darasani. Haikuwa dharau. Ni furaha tu, ilinitoka bila kuomba ruhusa. Uhuru ulikuwa bado mbichi, bendera mpya hazijapauka kwa jua la Mahajanga, mji wetu wa pwani, na kila mtu alikuwa akijaribu jambo ambalo jana yake asingethubutu. Sisi tulikuwa kundi dogo la wauguzi waliokwisha kufanya kazi wodini, tukaitwa tena shuleni kwa mafunzo ya juu. Mpaka siku ile nilidhani utafiti ni kazi ya madaktari wa ng'ambo: wanakuja, wanatupima, wanaandika, wanaondoka. Kumbe na mimi ningeweza kupima na kuandika, tena nisiondoke.

Mwalimu wetu wa somo hilo alikuwa mama wa Kifaransa, mwembamba, mkali, aliyekaa pwani yetu tangu kabla ya uhuru. Tulimwita Madamu na tulimwogopa. Kwa majuma mengi alitufundisha jambo moja tu: kutunga swali. Mimi nilizoea maswali ya wodini, umekula, umelala, wapi panauma. Yeye alisema swali la utafiti ni lile usilolijua jibu lake, na ukavumilia kutolijua. Kuvumilia, mimi? Mama yangu, mtaani kwetu Tsaramandroso, alikuwa akisema kwamba nilizaliwa kabla mkunga hajanawa mikono.

Lakini nilijitahidi, kwa kuwa kulikuwa na kitu nilichokitaka. Walimu wote wa shule ile walikuwa wageni. Mwaka ule ilitangazwa kwamba mmoja wetu, mmoja tu, atabaki kuwa mwalimu msaidizi. Atachaguliwa kwa tasnifu yake na kwa jinsi atakavyoitetea mbele ya jopo. Niliitaka nafasi ile mpaka mdomo ukanikauka. Nyumbani tulisema Kikomoro, sokoni Kimalagasi, darasani Kifaransa. Nilitaka siku moja msichana wa mtaani kwetu aingie darasa lile, amkute mwalimu anayezijua njia zote tatu alizopita kufika pale.

Tulichosomea zaidi ni ripoti ya Madamu mwenyewe. Miaka ya nyuma alikwenda kisiwa cha Nosy Be, akakusanya uzito wa watoto wachanga waliopimwa zahanati, akagundua kwamba baada ya miezi michache ya mwanzo watoto wa pale wanakonda. Ripoti ile iliheshimiwa. Kutokana nayo tulifundishwa kuwafundisha akina mama kupika uji. Mimi sikuwa na neno na uji. Kilichonikereketa ni sentensi moja ndogo pembeni, kwamba akina mama wengi huja mara moja kisha hawaonekani tena. Nikainua mkono, nikasema swali langu ni hilo: kwa nini hawarudi? Madamu alinitazama juu ya miwani, akasema, "Nenda ukaulize."

Basi nikaenda. Lori lilinitingisha mpaka Ambanja, na bandarini Antsahampano nikapanda chombo cha kuvukia pamoja na magunia ya mchele na mbuzi aliyenichukia waziwazi. Nosy Be nilifikia kwa mama mdogo wangu, aliyeolewa huko. Mji wote ulinukia langilangi, maana mashamba yake yalianza pale pale nyumba zilipoishia, na wanawake waliokuwa wakichuma maua hayo alfajiri ndio hao hao niliotakiwa kuwauliza. Nilikuwa na karatasi za maswali zilizopigwa taipu. Madamu alikuwa ameamuru kila mama aulizwe kwa maneno yale yale, bila kuongeza wala kupunguza.

Kazi ilikwenda vizuri mno. Nilibisha hodi, tukasalimiana "mbôla tsara", tukaulizana habari za watu na mvua, kisha nikatoa karatasi. Kwa nini hukumrudisha mtoto kupimwa? "Njia ni mbali." Nyumba ya pili, njia ni mbali. Ya tatu, njia ni mbali. Nikafurahi, jibu limepatikana! Nilikwisha kuanza kuota nikiliandika kwa wino mzuri. Halafu nikafika kwa mama mmoja aliyekuwa akiishi mkabala na zahanati, mlango kwa mlango. Ukitema mbegu ya chungwa kutoka barazani kwake, inaangukia kwenye ngazi za zahanati. Nikamuuliza. Akajipangusa liwa shavuni, akatazama zahanati, akanitazama mimi, akajibu kwa upole kabisa, "Njia ni mbali."

Nilirudi kwa mama mdogo nikicheka kama mwehu. Yeye akadhani nina homa.

"Wamenidanganya wote," nikamwambia kwa Kikomoro.

"Sasa hilo ndilo la kufurahia?"

Ndilo! Uongo wa mtu mmoja ni uongo, lakini uongo ambao mji mzima umekubaliana bila kukaa kikao ni adabu, na nyuma ya adabu pana jambo wasilotaka kumvunjia mtu heshima kwa kulisema. Asubuhi yake niliziacha karatasi mezani, nikaenda kukaa kwenye benchi la zahanati bila kuuliza kitu.

Zahanati iliongozwa na muuguzi mwanamume, mtoto wa pwani kama mimi, Mwislamu, mchapakazi, mwenye sauti ya kunadi samaki. Watoto aliwatia ndani ya kitambaa, akawaning'iniza kwenye mizani, na mshale wake ukitulia alitangaza, "Kilo nane! Jamani, njooni mtazame! Huyu ndiye mtoto!" Akapiga makofi, wanawake kwenye foleni wakageuza shingo. Alikuwa ameambiwa miaka mingi nyuma katika semina awatie moyo akina mama, naye aliwatia moyo kwa nguvu zake zote. Mama mwenye mtoto akamnyakua mwanawe, akamfunika leso mpaka utosini, akapita mlango wa nyuma. Niliona, nikaandika kwamba mama alikuwa na haraka. Nyani haoni kundule.

Ijumaa muuguzi yule alinialika chakula cha mchana kwake baada ya sala. Mkewe alipakua wali na pweza, na pembeni kwenye mkeka alilala mtoto wao mchanga, mashavu yamejaa, mikono ina mikunjo. Nikainama nikasema, "Jamani, mtoto mzuri huyu, mnono!"

Muuguzi aliruka kana kwamba nimemmwagia mchuzi. "Dada! Usiseme hivyo!" Mkewe akavuta leso akamfunika mtoto, akasema haraka haraka kwa Kimalagasi, ratsy, ratsy, yaani mbaya, mbaya. Na hapo ndipo nikauona wanja mweusi waliompaka katika kipaji cha uso ili kumharibu sura. Mambo hayo hata kwetu yapo. Mtoto hasifiwi ovyo. Ukiteleza, ongeza mashallah, na bado bibi yake hatalala. Huko Nosy Be anayempenda mtoto humwita mbaya, na anayetaja unono wake mbele za watu ndiye anayemwitia jicho la hasadi.

Tonge lilikuwa mkononi. Nikalirudisha kwenye sahani.

"Kaka," nikamwambia, "na wale unaowatangaza zahanati?"

"Wale?"

"Wale wa kilo nane, njooni mtazame."

"Kule ni kazini," akasema. "Koti jeupe halina hasadi." Akacheka. Kisha kicheko kikamkatika katikati, akamtazama mkewe, na mkewe akasema, "Mbona mimi wa kwetu simleti kwako kumpima?"

Sijawahi kula nikaacha pweza wa namna ile, lakini siku ile niliacha. Tulirudi zahanati sote wawili, yeye na kanzu yake ya Ijumaa, tukamwaga kadi za watoto sakafuni. Nilizigawa mafungu mawili, waliokuja mara moja na waliorudi. Waliokuja mara moja walikuwa wazito, karibu wote. Waliorudi tena na tena ni wale wembamba, ambao hakuna mtu aliyewahi kuwapigia makofi. Kosa lile lingeweza kufanywa na sisi tu. Mgeni asingekuwa na Kimalagasi cha kutosha kumsifu mtoto hivyo, na mtu ambaye hajavaa koti asingethubutu. Ilihitaji mtu wa pwani aliyeamini kwamba mila zinavuliwa mlangoni pamoja na viatu.

Furaha yangu! Niliwakumbatia watu nisiowajua. Jioni tu ndipo nilipokumbuka kitu, nikaketi. Ripoti ya Madamu ilitoka katika kadi hizi hizi. Watoto wa Nosy Be hawakuwa wanakonda. Wanono walikuwa wanaondoka, wembamba wanabaki, naye alikuwa amepima waliobaki.

Tulifanya jaribio, kama alivyotufundisha yeye mwenyewe. Tulitundika leso mbele ya mizani, mama akaingia peke yake, na uzito akanong'onezwa. Muuguzi yule maskini, kunong'ona kulimuuma kuliko jino. Mama mdogo akazieneza habari visimani. Wanono wakaanza kurudi, wamefunikwa, wamepakwa wanja, mama zao wakiwaita wabaya kwa mapenzi makubwa. Yule jirani wa mkabala naye akavuka njia. Nikamtania, "Siku hizi njia imekuwa fupi?" Akanijibu, "Mmeisogeza."

Niliporudi Mahajanga, mwanafunzi mwenzangu wa mtaa wa Antanimasaja, ambaye tulizoea kusoma kwao, aliisoma tasnifu yangu mpaka mwisho, akaweka kidole juu ya ukurasa unaotaja ripoti ya Madamu. "Huu utoe," akasema. "Eleza habari za leso na kunong'ona, utapita. Nafasi ni moja, na anayeigawa ni yeye." Alinitakia mema. Usiku nilipanga kuutoa, asubuhi nikapanga kuuacha, mchana nikautoa kweli. Lakini bila ukurasa ule tasnifu yangu ilikuwa habari ya adabu tu, na watoto wazima wangeendelea kuitwa wagonjwa vitabuni. Nikaurudisha. Nilikuwa na hofu, tena nilikuwa na hasira na hofu yangu.

Siku ya utetezi chumba kilijaa. Madamu alikaa katikati ya jopo, kulia kwake daktari mmoja Mmalagasi aliyeteuliwa karibuni. Alifungua ukurasa wenyewe moja kwa moja.

"Unasema niliyoandika si kweli?"

"Ni kweli kwa watoto waliorudi, Madamu. Wanono hawamo."

Alifunua, akasoma jedwali langu kwa kidole, polepole, safu kwa safu. Nikafikiri kwaheri ualimu.

"Na kwako?" akauliza. "Katika kazi yako wewe, nani hayumo?"

Sikuwa nimejiandaa. Nilifungua mdomo nijitetee, na hapo hapo nikawaona, watoto ambao hawakuwahi kuletwa zahanati hata mara moja, wa kwenye mashamba ya ndani, wanono au wembamba, nani ajuaye. Ajabu ni kwamba sikuogopa tena. Damu ilinichemka kwa raha, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba akakuta nyuma yake kuna nyumba nzima.

"Ambao hawakuletwa kabisa," nikasema. "Sijui lolote juu yao. Nataka sana kujua."

Daktari alinung'unika kwamba "sijui" si neno la kuandika katika tasnifu. Madamu akamjibu, kwa sauti ya chini lakini sote tulisikia, kwamba amengoja miaka mingi kulisikia neno hilo katika chumba kile, na kwamba yeye mwenyewe alipaswa kulisema.

Nilipita. Nafasi nilipewa mimi. Mama alipika biriani akaigawa mtaa mzima, na mbele ya kila aliyenipongeza aliniambia niache kujivuna, nami nilijivuna hata hivyo.

Muhula mpya ulipofunguliwa niliingia darasani nyuma ya Madamu, nikiwa nimebeba vitabu vyake, nikitarajia kufuta ubao. Wanafunzi wapya walisimama. Miongoni mwao walikuwamo wasichana wawili wa Tsaramandroso niliowajua tangu wakibebwa mgongoni. Madamu akaweka ripoti yake mezani mbele yao.

"Hii niliiandika mimi," akasema. "Ina kosa. Huyu mwenzangu atawaonyesha lilipo."

Kisha akapita katikati ya madawati mpaka nyuma kabisa, akaketi kwenye kiti cha mwanafunzi, miguu yake mirefu haikuenea chini ya meza. Nilichukua chaki, nikauliza kwa Kifaransa, halafu, kwa kuwa nyuso zilikuwa bado zimekakamaa, nikauliza tena kwa Kimalagasi, nani hayumo humu? Nilipogeuka kuandika swali lile ubaoni, nilisikia kalamu ya mwalimu wangu kule nyuma, ikiandika ninayosema mimi.