Madamu Perle wa Rubondo

Kila umeme unapokatika hapa Nyamityobora, jirani yangu kinyozi huwasha jenereta. Harufu ya petroli ikiingia kwenye chumba changu cha kushonea, mimi siko tena Mbarara. Niko Rubondo, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mtoto mdogo kwenye mkeka, nimebanwa kati ya magoti ya mama yangu. Banda la video la mzee Zabuloni limejaa joto la watu waliotoka misa ya Jumapili, jenereta inanguruma nje, na kwenye televisheni anatokea mwanamke wa Kizungu mwenye lulu shingoni.

Jina lake halisi hatukulijua. Tulimwita Madamu Perle, yaani Bibi Lulu kwa Kifaransa. Zabuloni alikuwa amenunua mjini sidii za michezo ya kale ya televisheni ya Amerika, ile isiyo na rangi, kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Michezo ilikuwa mbalimbali, lakini yule mwanamke alipita karibu katika yote, kila mara kwa muda mfupi. Leo muuguzi, Jumapili ijayo mke wa polisi, nyingine anapigwa risasi hata kabla hajavua koti. Siku hiyo sisi watoto tulilia kweli. Alipotokea tena akigawa chakula hotelini tulipiga makofi, na Mama Esperansi, mtafsiri wetu, akasema kwenye kipaza sauti bila kusita, "Alipona. Mungu ni mkubwa."

Mama Esperansi alikuwa mjane wa Kirundi mwenye sauti nzito, mkulima wa maharage kama mama yangu. Kijana aliyekuwa akitutafsiria filamu alipohamia mjini, Zabuloni aliuliza nani anajua Kiingereza, naye akanyanyua mkono. Alijua Kifaransa kidogo, nasi tuliona lugha za Wazungu ni ndugu. Wanaume wenye bastola aliwapa maneno mawili matatu tu. Lakini Madamu Perle akifungua mdomo, hata kwa neno moja, Mama Esperansi alimsemea mengi, tena siku zote habari ile ile: alivyokimbia vita, alivyomwacha binti yake kwa jirani akisema narudi kesho, alivyokuta njia imefungwa. Muuguzi aliianza, mgawa chakula akaiendeleza. Wanawake walifuta macho kwa vitenge.

Jumapili moja aliingia mwanajeshi wa Uganda kutoka kambi ya jeshi, amevaa kiraia, soda mkononi. Kwenye televisheni Madamu Perle alikuwa amesimama na birika mbele ya mzee mmoja.

"Nilimufunga kitambaa chekundu kichwani," Mama Esperansi akamsemea, "ili nikirudi nimutambue kwa mbali."

Mwanajeshi akaangua kicheko. "Wewe mama nadanganya watu! Huyu mwanamke nauliza mzee kama nataka sukari. Sukari tu! Hapana sema maneno ya mtoto."

Mama Esperansi akashusha kipaza sauti mapajani. Nilidhani atafukuzwa na Jumapili zetu zimekwisha. Ndipo mama yangu, mtu ambaye hata kwenye jumuiya ya kanisa hakuwa msemaji, akageuka nyuma.

"Afande, kaa chini. Sukari tunaijua. Sisi tunataka habari ya ule mutoto."

"Ndiyo," wenzake wakaitikia. "Endelea, Mama Esperansi."

Akakinyanyua tena kipaza sauti, akaendelea. Mwanajeshi akakaa.

Tukirudi nyumbani nilimwuliza mama kama alijua kuwa tunadanganywa.

"Tunajua tangu siku ya kwanza," akasema. "Ule mutoto ni wa kwake. Ndiye Esperansi. Kwa mudomo wake mwenyewe hawezi kumusema, basi acha amuseme kwa mudomo wa ule mwanamke."

Jumapili iliyofuata mwanajeshi alikuja na mkewe. Mtu alipomtania atafsiri yeye, alijibu, "Mimi hapana jua Kiingereza."

Mwaka huu mpwa wangu anayesoma Nyamitanga alinitafutia michezo ile kwenye simu. Akanisomea kwamba Madamu Perle aliigiza kwenye televisheni karibu maisha yake yote, na mchezo wa kwake mwenyewe hakuwahi kupewa. Jina lake lilipita mwishoni, kwa herufi ndogo. Kwao Amerika alikuwa wa kufungua mlango na kumimina chai. Kwetu alikuwa ndiye mchezo wenyewe. Nilitazama pale penye birika, na kweli, ilikuwa sukari. Lakini macho yake yalikuwa yameenda mbali, kama ya mtu aliyeacha kitu fulani mahali, na nikaona kwa nini Mama Esperansi alimchagua yeye.

Utotoni nilidhani siku ile mama yangu alikuwa akimwokoa mwenzake na aibu. Sasa nina binti zangu, na nimeelewa kwamba wanawake wale hawakwenda kuitazama Amerika. Walikwenda kukaa na mama aliyepotelewa na mtoto, Jumapili baada ya Jumapili, bila kumlazimisha aseme ni yeye.

Tulimpelekea Mama Esperansi simu ile huko Rubondo. Amezeeka sana, na binti yake hajapatikana. Alimtazama Madamu Perle akimimina chai, kisha akauliza, "Naye alikuwa na mutoto?"

Mpwa wangu akatafuta. "Mmoja, bibi. Wa kike."

Mama Esperansi akashusha pumzi. "Afadhali," akasema. "Basi sikumusingizia."