Mkono wa Buibui

Kwetu Katumba kila mtu ana mkono wake wa kufunga tumbaku kwenye fito. Ukiingia kwenye bani la kukaushia, unajua ufito huu ni wa mama na ule ni wa shangazi. Kwa hiyo niliposoma kwamba tando za buibui husaidia kujua undugu wao, niliona kazi rahisi.

Bani letu lilikuwa na buibui wawili, wadogo, wenye tumbo la mviringo. Mmoja alishusha nyuzi za kunata hadi chini. Mwingine alikaa juu kwenye vurugu la nyuzi lisilo na mpango. Nikaamua hawa si ndugu.

Nikawa namtupia panzi yule wa kwanza. Aliposhiba, akaacha kushusha nyuzi, akafuma vurugu kama la mwenzake. Nilikasirika, kama vile amenidanganya.

Sasa hata fito zinanichanganya. Juzi nilimwonyesha mama ufito mmoja, vifundo vimelegea, nikamwambia shangazi siku hizi anafunga ovyo.

Mama akasema ule aliufunga yeye mwenyewe, siku tuliyokosa unga.