Mpiga Picha za Vichwa

Mpiga picha za vichwa hospitalini ni mtu wa mzaha. Kila anayetoka kwenye ile mashine inayogonga kama karakana ya mabati humwambia, "Haya, kichwa kipo, nimekiona mwenyewe," kisha humwelekeza kwa daktari, maana majibu si kazi yake. Usoni humsomi. Aliyemwona mzima humsukumia viatu kwa ncha ya mguu, huku akimwita mwingine. Lakini akiona uvimbe kwenye ubongo hupiga goti, akamvalisha mgonjwa viatu na kuzifunga kamba zake taratibu, na mgonjwa humshukuru kwa uungwana wake. Karani wa mapokezi aligundua jambo hilo zamani, akalimeza.

Baada ya wiki kadhaa za kuamka na kichwa kinachopasuka, akitapika bila sababu na kuona kila mtu kama wawili, karani naye alilala kwenye mashine. Alipotoka, mpiga picha akamwambia, "Haya dada, kichwa kipo." Karani akacheka, mpaka alipomwona amepiga goti, viatu vyake mkononi.

"Acha, kaka," akasema, akiivuta miguu nyuma. "Leo naenda peku."