Nilimfungia Mama Mkwe Garini Siku ya Mavuno

Jamani, aibu hii bado inaniwasha mpaka leo, na mume wangu akinisikia naianza hunyanyuka akaenda kuangalia ng'ombe, lakini heri niwasimulie mwenyewe kuliko muisikie kwa watu wa Machame, maana wao huongeza chumvi, na hii haihitaji chumvi.

Miaka ile ya mwanzoni mwa elfu mbili nilikuwa nauza mitumba pale Moshi mjini, na baada ya kujibana sana nikanunua gari, kagari kadogo keupe kalikotumika Japani, la kwanza kununuliwa na mwanamke katika ukoo wa mume wangu (na hilo la "mwanamke" ndilo lililonivimbisha kichwa, nakiri). Halikuwa na alamu, nikampelekea fundi wa umeme wa magari anaitwa Rashidi, akanifungia alamu na senta loki, akanipa rimoti nyeusi yenye vitufe viwili. Ukibonyeza, milango yote minne inajifunga kwa mpigo mmoja, taa zinakonyeza, na gari linasema "twii-twii!" Wenzangu, ile twii-twii! Hata nikishuka kununua nyanya nilikuwa nangoja kwanza watu wanitazame ndipo nibonyeze.

Basi rimoti ikaanza ugonjwa. Unabonyeza mara moja, kimya, mara tatu, kimya, mpaka uisogeze karibu ibusu kioo ndiyo itii. Nikampitia Rashidi, akaigeuzageuza akasema, "Mama Nuru, betri inakata roho. Badilisha leo. Na popote uendapo ushike ufunguo wako, rimoti ikifa utafungua mlango kwa ufunguo kama watu wa zamani." Nikamwambia nitabadilisha Jumatatu. Duka la betri lilikuwa ng'ambo ya barabara. Ng'ambo ya barabara, jamani, naliona kwa macho yangu, nikawasha gari nikaondoka.

Jumapili yake ilikuwa sikukuu ya mavuno kwenye usharika wa mama mkwe wangu kule Machame. Mume wangu alikuwa Tanga kikazi, akaniomba nimpeleke mama yake kanisani kwa sababu goti lilikuwa linamsumbua na mvua za vuli zilikuwa zimeshafanya njia za migombani ziwe utelezi mtupu. Sasa huyu mama msije mkamdhania mkali. Alikuwa mkimya, mnene, msafi kupita kiasi, na katika miaka tisa ya ndoa yangu sikuwahi kujua kama ananipenda au ananivumilia tu. Nilitaka siku hiyo nimfurahishe mpaka nijue.

Tukapakia mikungu miwili ya ndizi kwenye buti, trei ya mayai kiti cha mbele, na kuku mtetea ndani ya kapu, miguuni pake. Yeye nikamketisha nyuma kama mke wa waziri. Tulipofika kwenye kona ya pili akagusa kitufe cha dirisha, kioo kikashuka, manyunyu yakaingia, nami nikasema kwa haraka, "Mama, samahani, usiguse kitu, haya mambo ni ya umeme." Akarudisha mkono mapajani. Nikabonyeza kitufe changu cha kuzuia vioo vya nyuma, kama ninavyowafanyia watoto. (Milango ya nyuma nayo ilikuwa na loki ya watoto, haifunguki kwa ndani, kwa sababu mwanangu Nuru aliwahi kuufungua mlango gari likiwa linakwenda.)

Tukafika kengele ikilia na mvua ikiongezeka. Nikamwambia, "Mama, kaa kwanza, nikakutafutie mwavuli." Nikauacha ufunguo kwenye swichi ili kaseti ya kwaya iendelee kumwimbia. Rimoti ilikuwa shingoni kwangu, nimeifunga kwa kamba nyekundu ili ionekane vizuri (ndiyo, shingoni, kanisani). Ningeweza kuurudisha mlango tu nikaenda zangu. Lakini akina mama wa kwaya walikuwa wamesimama kwenye ngazi, wote, na sare zao mpya, wakinitazama. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena, nikaibandika kwenye kioo, nikabonyeza kwa nguvu zangu zote. Twii-twii!

"Mama Nuru, hilo gari linaongea?" akauliza mmoja.

"Linaniaga tu," nikajibu, nikapanda ngazi kwa mwendo ambao sasa nikiukumbuka naomba ardhi ipasuke.

Sijafika hata mlangoni, kuku akapiga mabawa kwenye kapu. Alamu ikadhani mwizi. Mnazikumbuka alamu za enzi zile, zilikuwa na milio sita inayopokezana, ukidhani imemaliza inaanza ule wa gari la wagonjwa. Kuku akasikia, akaruka zaidi, na kadiri alivyoruka ndivyo king'ora kilivyopata nguvu mpya. Nikarudi mbio nikibonyeza. Hakuna kitu. Ile twii-twii ya kujionyesha ndiyo ilikuwa pumzi ya mwisho ya betri.

Na ndani, nyuma ya kioo, mama mkwe wangu ameketi wima, mikono mapajani, macho yamemtoka.

Kanisa zima likatoka nje. Kila mtu akawa fundi. Mzee Elinami, mzee wa kanisa, akasema, "Itoe betri uing'ate, sisi za redio huwa tunazing'ata." Nikaing'ata. Mwalimu wa kwaya akasema niibandike rimoti kidevuni, eti mwili wa mtu unasaidia mawimbi, nikasimama kwenye mvua na rimoti kidevuni kama mtu anayenyoa ndevu. Mwingine akasema niipashe moto kwapani. Niliipasha.

Mchungaji akafika na vazi lake na mwavuli. "Kuna mtu humo ndani?"

"Kuna mama mkwe, Mchungaji."

"Mama mkwe wa nani?"

"Wangu."

Akanitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda. Hapo kijana mmoja ameshaokota jiwe avunje kioo, mama akaliona lile jiwe, akaanza kulia. Sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa mumewe hakulia mbele za watu, na mimi ndiye nimemliza, kwa ajili ya mlio. Nikampokonya yule kijana jiwe. Nikamwonyesha mama kwa vidole kile kidude cha kuvuta kwenye mlango wa mbele: apite katikati ya viti, akivute, basi. Akatikisa kichwa. Nikaonyesha tena. Mlio mmoja ulipoisha, kabla wa pili haujaanza, tukamsikia wote akipiga kelele:

"Umesema nisiguse!"

Watu wote wakageuka kunitazama mimi.

Nikapiga magoti kwenye tope, na gauni langu la mavuno, nikaunganisha viganja. "Mama, nakuomba, gusa! Gusa chochote! Vunja ukitaka!"

Akanielewa. Akavua viatu, akavipanga vizuri (hata wakati ule, akavipanga), akajifunga kanga kiunoni, akaanza kujipenyeza katikati ya viti. Kiuno kikakwama. Mchungaji akageuka akautazama mlima, ambao siku hiyo haukuonekana kwa mawingu, na wazee wote wa kanisa wakageuka wakautazama pamoja naye. Mwalimu wa kwaya, Mungu ambariki, akaanzisha pambio, akina mama wakaitikia kwa sauti ya juu kabisa ili kumsitiri, basi ikawa pambio na king'ora, king'ora na pambio, mpaka mama akajisukuma mara ya mwisho, mkono mmoja ukazama mpaka chini ya trei ya mayai, na ule mwingine ukakivuta kidude.

Mlango ukafunguka. Kuku, aliyekwishachomoka kapuni, akatoka kwanza. Mtu mmoja akainua boneti akachomoa waya wa betri ya gari, na kukawa kimya, kimya mpaka mvua ikasikika kwenye majani ya migomba.

Mama akashuka peku, ute wa mayai mpaka kwenye kiwiko. Akanyoosha kanga yake. "Bwana asifiwe, Mchungaji," akasema. "Tusamehe kwa kuwachelewesha." Akaingia kanisani, akaenda kukaa mahali pake.

Mimi ibada sikuisikia. Tulipotoka nilimkuta ameshaondoka kwa miguu na wanawake wenzake, na goti lile, kwenye utelezi ule. Nilikaa kwenye gari nikalia mpaka kioo kikafanya ukungu.

Jumatatu nikanunua betri (kazi ya dakika moja, Rashidi wala hakunisema, alicheka tu mpaka akaegemea ukuta). Jumamosi nikapanda Machame na jani la isale nililolifunga fundo, kama wanavyofanya kwetu ukiwa na kosa zito, maana ukipelekewa isale huwezi kukataa kusamehe. Nikamkuta jikoni anamenya ndizi za mtori.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

Nikampa isale kwa mikono miwili. Akalipokea, akalitazama, akaliweka kando ya sufuria.

"Hii ya nini?"

"Ya Jumapili, Mama. Nimekuaibisha, mpaka ukaona heri utembee kwa miguu."

Akaacha kumenya. "Nilitembea kwa sababu nilikuwa nanuka mayai, mwanangu. Viti vyako vizuri vile, nivichafue? Na mle ndani nilikuwa naogopa nikigusa nitakuharibia. Umelihangaikia sana lile gari. Nawaambia wenzangu kila siku."

Akanisogezea kisu na ndizi, nikakaa kwenye kigoda, tukamenya.

Tangu siku hiyo sijamfungia mtu ndani ya gari hata kwa sekunde moja, ufunguo hautoki mwilini mwangu, na betri ikionyesha dalili ya kuchoka siingojei Jumatatu. Mama naye siku hizi anapanda mbele, na vioo anashusha anapotaka, hata mvua ikinyesha, nami nalowa bila kusema neno.