Uji wa Mpishi wa Meli

Nilipofanyiwa upasuaji wa goti nilikatazwa kuendesha basi mpaka theluji iishe. Baada ya wiki tatu za kunizunguka jikoni, mke wangu aliniandikisha mwenyewe kwenye kozi ya kusoma mwandiko wa zamani, kila Jumanne mchana, katikati ya Stockholm. Wenzangu wote walikuwa wastaafu wa Kiswidi waliotafuta habari za mababu zao. Babu yangu mimi ni wa Kigoma, kwa hiyo mwalimu akanipa kesi ya chumvi.

Ilikuwa kesi ya karne ya kumi na saba. Mfanyabiashara mmoja wa jiji hili aliagiza chumvi kutoka Ureno, na meli ilipotia nanga nusu ya chumvi ilikuwa imeyeyuka. Akamshtaki nahodha. Mabaharia watatu wakaletwa kutoa ushahidi: mshika usukani, seremala na mpishi. Wote waliapa kwamba wimbi kubwa kama nyumba liliipiga meli upande wa kushoto wakiwa wanakula uji, maji yakaingia mpaka chini kwenye shehena. Ilinichukua mwezi mzima kusoma hayo, maana mwandishi wa mahakama alikuwa na mwandiko wa kuku aliyekanyaga wino.

Kozi ilipokaribia kwisha, mwalimu akatangaza kwamba tutaigiza kesi mbele ya familia zetu. Mimi nikawa mpishi. Nikapewa kofia ya sufu iliyonibana masikio.

Sikuwa na nia ya kumwalika mama mkwe. Tunaishi naye Alby, pembeni mwa Stockholm, tangu alipotoka Bujumbura, na kanisani kwao amekaa miaka mingi kwenye kamati ya kusuluhisha ndoa. Nimeona wanaume wazima wakimkwepa kwenye maegesho ya magari. Lakini binti yangu wa miaka kumi na miwili alimwambia, naye siku hiyo akavaa kitenge chake cha sherehe, akakaa safu ya mbele. Mtoto akawa anamtafsiria kwa kunong'ona.

Mshika usukani akatoa ushahidi wake, watu wakapiga makofi. Seremala naye, makofi tena. Nikasimama mimi, nikaapa, nikaeleza lile wimbi na ule uji. Nikamaliza kwa maneno ya kwenye karatasi: kwamba baada ya hapo nilikusanya mabakuli nikayaosha.

Mama mkwe akanyoosha mkono.

"Mkwe wangu," akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kamati, "uji ulimwagika?"

"Tyst, mormor!" binti yangu akamnyamazisha bibi yake kwa Kiswidi, uso umemwiva kwa aibu.

Mimi ningefanya nini? Sijawahi kumwambia mama mkwe akae chini, na sikukusudia kuanzia pale, nikiwa nimevaa kofia ile. Nikajibu, "Mama, haijaandikwa."

"Wimbi kubwa kama nyumba linaingia mezani, halafu wewe unaosha mabakuli kama Jumapili? Na hawa wenzako wawili wamesema maneno yale yale, neno kwa neno. Mmefundishwa! Nani amewafundisha? Huyu?" Akamnyooshea kidole nahodha, ambaye alikuwa mhasibu mstaafu wa Upplands Väsby, mtu mpole kabisa. Mzee wa watu akaanza kutoa jasho.

Mwalimu akaomba tafsiri. Binti yangu, hana pa kujificha, akatafsiri yote. Ukumbi ukaangua kicheko, ila mwalimu hakucheka. Alikuwa amefungua faili lake anapekua.

"Kuna kurasa ambazo hatukuzisoma," akasema. "Nilidhani ni marudio."

Jumanne iliyofuata, badala ya keki ya kuagana tuliyoahidiwa, tulisoma kurasa hizo. Siku mbili baada ya ushahidi wa kwanza, mpishi aliitwa tena peke yake. Akaulizwa siku ile alipika nini. Akakiri kwamba hakukuwa na uji. Kuni zilikuwa zimelowa, kwa sababu mlango wa shehena ulikuwa wazi tangu jana yake na mvua ilinyesha humo usiku kucha. Wimbi hakuliona, aliambiwa kwamba lilikuwepo.

Nilishuka kwenye treni nikachechemea mbio mpaka nyumbani kumpa mama mkwe habari. Alikuwa anachambua maharage. Nilitegemea atafurahi.

"Na hukumu?" akauliza.

"Ukurasa wa hukumu haupo, mama. Umepotea."

Akaweka ungo chini, akafikiri kidogo. Kisha akatoa hukumu yeye mwenyewe: nahodha alipe chumvi yote, mshika usukani na seremala waombe radhi mbele ya watu, na mpishi asamehewe kwa kuwa alisema kweli, ijapokuwa kwa kuchelewa.

Nilimwandikia mwalimu hukumu hiyo. Akajibu kwamba ameichapa, ameibandika ukutani darasani.